Inapanda, Inashuka

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naanza na habari yenyewe kabla hujaanza kuitafuta chini ya karatasi: nimepata leseni. Kuanzia Jumatatu mimi ni fundi lifti kamili, si msaidizi, si "yule dada anayebeba boksi la spana". Msimamizi alinikabidhi cheti mbele ya mafundi wote, akasema katika kampuni yetu hakuna mwanamke aliyenitangulia. Wakapiga makofi. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, maana machozi hayana adabu.

Uliniuliza tunafanya nini hasa, kwa sababu jirani yako Mama Pacha anaamini kazi yetu ni kubonyeza vitufe. Mwambie hivi. Lifti ni kibanda kinachoning'inia ndani ya shimo refu kwa kamba za chuma. Abiria anaingia ndani ya kibanda. Sisi tunasimama juu ya paa lake, gizani, taa kichwani, tunapanda nacho polepole tukikagua reli, kamba na breki, ghorofa hadi ghorofa. Mwenzangu wa zamu tunamwita Kimya. Akisema maneno kumi kwa siku, ujue siku hiyo ana sherehe.

Sasa shika kiti. Nimepewa hospitali mpya! Ghorofa saba, lifti mbili, moja ya watu na moja pana ya vitanda vya wagonjwa, na kiongozi wa kazi ni mimi. Itafunguliwa mwezi wa tisa.

Najua meseji huzipendi. Ulisema za kwangu ni kama salamu za mtu anayekimbilia basi, na ukipokea simu unasikia nyuki waliofungiwa kwenye chupa. Basi nitaendelea kuandika. Kiwanda cha nguo kilichukua masikio yako, macho kilikuachia.

Wako,
Kisulisuli


19 Februari

Kisulisuli wangu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikamsomea Mama Pacha kwa sauti. Naambiwa hadi nyumba ya tatu walipata habari. Ndiyo faida ya uziwi, mtu hujui unapopayuka.

Nimewaambia wote. Fundi viatu anajua, muuza maziwa anajua, hata yule mwanamama wa posta asiyecheka amecheka. Picha yako nimeitundika juu ya cherehani. Mama Pacha akaitazama, akaniambia sikioni kwa kelele, "Lakini si kazi ya kiume hiyo?" Nikamjibu, "Wa kiume unao wawili, wanalala hadi adhuhuri. Mwamshe mmoja akapande shimo." Amenuna. Chumvi ikimwishia atarudi.

Siku ya kufungua hospitali nitakuja. Kitambaa cha gauni nimeshakikata. Mwanangu, mimi nimeshona vifungo vya mashati tangu ujana hadi uzee, na hakuna hata siku moja mtu alivaa shati akauliza, "Nani kashona kifungo hiki?" Wewe watakuulizia. Na mimi nitakuwa nimekaa mbele.

Sikushangai lakini. Tangu unatambaa ulikuwa unapanda kabati. Mtoto niliyemzaa mimi haogopi kitu.

Kula vizuri. Vaa kofia ya kazi hata kama inakuharibia nywele.

Mama yako, ambaye sasa anaitwa Mama Fundi


20 Machi

Mama, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Juzi nilipata kizunguzungu kidogo kazini, moyo ukaenda mbio, na kichefuchefu. Wakanipeleka hospitali. Wamenipima, daktari mwenyewe amesema sina kitu. Kwa hiyo usihangaike.

Kwa sasa nipo stoo, nasaidia kupanga vipuri. Ni kwa muda tu. Harufu ya grisi nayo imenichosha.

Kitambaa cha gauni usikishone kwanza. Sijui ratiba itakuwaje.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ni fupi kama usingizi wa mlinzi, lakini mimi nimesoma hata ulichokiruka.

Kizunguzungu. Kichefuchefu. Moyo mbio. Grisi imekushinda, wewe uliyekuwa unakuja likizo unanukia kama gereji. Na daktari anasema huna kitu! Mimi nimezaa, sikuokota mtoto njiani. Hicho "hakuna kitu" kitakuwa na miguu miwili kabla mwaka haujaisha.

Nililia kidogo, sikufichi. Nilipenda nikuozeshe kwanza. Kisha nikafuta machozi nikakaa kwenye cherehani. Ndani ya kifurushi hiki kuna vigauni viwili, soksi na kofia. Nimechagua rangi ya njano kwa kuwa bado hatujui ni nani anakuja. Sasa nakuuliza kwa upole: baba ni nani? Kama ni huyo Kimya, sawa, angalau mtoto hatalia usiku. Kama ni mume wa mtu, niambie nije mwenyewe.

Usiogope maneno ya watu. Mjukuu wangu hatazaliwa kwa kujificha. Mama Pacha sijamwambia, ila ameona kitambaa cha njano, na macho anayo.

Mama, karibu Bibi


15 Aprili

Mama,

Kifurushi nilikifungua stoo, mbele ya watu. Kofia ya njano ikadondokea kwenye sanduku la bolti. Nilicheka hadi nikalia, kisha kicheko kikaisha, kilio kikabaki.

Sina mimba. Mimba ningejua inaishia wapi. Nakueleza yote sasa, tafadhali soma ukiwa peke yako.

Mara ya kwanza haikunikuta shimoni. Ilinikuta dukani, nimesimama kwenye foleni na sabuni mkononi. Hakuna aliyenitukana, hakuna kilichoanguka. Ghafla moyo ukaanza kupiga kama mtu anayebisha mlango huku nyumba yake inaungua. Vidole vikafa ganzi. Kifua kikabana, hewa ikawa haitoshi, na watu wote wakawa mbali, kama nawaona kupitia chupa. Nikajua nakufa. Sisemi nilidhani, Mama. Nilijua. Nikaweka sabuni chini nikatoka nje, nikashika ukuta, na baadaye ikapita, ikaniacha nimelowa jasho na aibu.

Nikasema ni njaa. Ikarudi Jumapili mchana nikiwa nimelala, ikaniamsha. Nikasema ni uchovu. Halafu ikanikuta juu ya paa la kibanda, kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Kimya ndiye aliyenishusha.

Hospitali nimekwenda zaidi ya mara moja. Wamenibandika nyaya kifuani, wametoa damu, moyo wangu mzima kama wa ng'ombe. "Dada, huna kitu." Unajua neno hilo linavyouma? Ningekuwa na kitu, ningewaambia watu nina kitu.

Sasa naogopa kuogopa. Nakaa karibu na mlango kila nilipo. Kahawa nimeacha. Duka lile silipiti. Natembea na chupa ya maji kama mtoto wa chekechea. Na lifti sipandi, Mama. Fundi lifti napita ngazi! Walinzi wanadhani napunguza unene, wananipa moyo.

Msimamizi amesema kazi ya stoo naweza kupewa moja kwa moja, hospitali apewe mwingine. Hasemi kwa ubaya. Anataka jibu kabla ya mwisho wa Julai.

Kimya hahusiki na lolote. Kofia nilimwonyesha, akasema, "Nzuri."

Usimwambie mtu. Hasa Mama Pacha.

Mwanao


24 Aprili

Mwanangu,

Nashukuru umeniambia ukweli. Nimesoma peke yangu kama ulivyotaka.

Huna mimba, moyo mzima, damu safi. Basi huo ni woga, na woga dawa yake ni kuukazia macho. Katika ukoo wetu hakuna mwoga. Bibi yako alimzaa mjomba wako asubuhi, mchana akafua. Mimi sindano ya mashine ilinipita kwenye kidole na zamu nikaimaliza. Jikaze. Kunywa maji, sali, panda juu. Hapa mtaa mzima unajua mwanangu ni nani. Ukirudi chini sasa, uso wangu nitauweka wapi?

Mama yako


14 Mei

Mwanangu,

Barua yangu ilifika? Yule wa posta anaapa ilifika. Kama una hasira niandikie hasira, hata mstari mmoja. Nyumba hii ilikuwa kimya kabla, lakini si kimya cha namna hii.

Mama


23 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi ni fundi ninayefanya kazi na mwanao. Wananiita Kimya. Anwani yako nimeinakili kutoka kwenye karatasi ya kile kifurushi cha nguo. Yeye hajanituma, na akijua atanifungia nje ya karakana.

Barua yako ilimkuta. Aliisoma amesimama, akaiweka mfukoni, akaenda kwa msimamizi kumwambia anachukua stoo. Msimamizi akamwambia akalale kwanza, muda bado upo.

Mimi si mtu wa maneno. Hii ni barua yangu ya kwanza tangu nimalize shule. Ila lipo jambo ambalo najua hajakuambia, kwa kuwa yeye haoni kama ni jambo.

Siku ile yeye alikuwa juu ya paa la kibanda. Mimi nilikuwa chini kabisa ya shimo, nakaza springi zinazopokea kibanda. Kibanda kikishuka hadi pale, hapabaki nafasi ya mtu. Kifaa cha kukiendeshea alikuwa nacho yeye mkononi. Vidole vikikaza kwenye kitufe cha kushuka, kibanda kinashuka.

Shimo hubeba sauti, nikasikia anahema vibaya. Nikaita. Hakujibu. Kisha nikasikia kitufe cha kusimamisha, tak. Halafu sauti yake, imekatikakatika: "Nimefunga. Toka shimoni. Sema umetoka."

Nikatoka. Nikasema nimetoka. Hapo ndipo akakaa chini.

Nilipomfikia, mikono yake ilikuwa imekunjika, haishiki kitu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Nakufa." Kibao cha onyo kilikuwa kwenye swichi. Kimekaa upande, lakini alikuwa amekitundika, kama kanuni inavyotaka.

Mama, mtu huyu aliamini ile ni pumzi yake ya mwisho. Akaitumia kunitoa mimi chini. Nimefanya kazi na wanaume wengi wasioogopa kitu. Wawili kati yao waliwahi kunisahau shimoni.

Nyuma ya karakana yetu kuna kliniki, na kuna mtaalamu wa saikolojia. Nimeulizia, wanamtibu mtu wa hali yake. Anatakiwa mtu wa kumwambia aende. Nikimwambia mimi, ananijibu, "Kimya, nyamaza."

Ni hayo.

Kimya


5 Juni

Mwanangu mpenzi,

Niliandika neno baya nikalibandikia stempu mwenyewe. Nisamehe. Nilikuwa na hofu juu yako, kalamu ikaandika habari za uso wangu.

Nimejua kuhusu kitufe. Usiniulize kwa nani. Mwandiko wake ni kama kuku aliyekanyaga wino, na kwa sasa namheshimu kuliko mbunge wetu.

Niliposoma pale uliposema "Sema umetoka", niliweka karatasi chini nikatoka nje kutembea. Nilitembea hadi kituo cha afya, bila kujua kwamba ndiko ninakokwenda. Nikamkuta nesi. Akaanza kunieleza, nikamwambia, "Binti, mimi naona midomo tu inacheza." Akachukua karatasi akaandika, nami nakunakilia:

"Mama, hili lina jina. Ni shambulio la hofu. Mwili unajiandaa kuikimbia hatari ambayo haipo. Moyo unasukuma damu, pumzi zinakwenda mbio kupita kiasi, ndiyo maana vidole vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka. Linatisha sana lakini haliui. Linapanda, linafika kileleni, linashuka lenyewe. Likirudirudi hadi mtu akaanza kuishi kwa kulikwepa, hapo ni ugonjwa wa hofu ya ghafla. Unatibika."

Nikamuuliza kama ni woga. Akaandika HAPANA, akapiga mstari chini yake hadi karatasi ikachanika. Nikamuuliza tena, kama mtu akijikaza je? Akanitazama, akaandika: "Wewe jikaze usikie."

Nimestahili.

Nenda kwa huyo mtaalamu wa kliniki ya nyuma ya karakana yenu. Ukitoka kwake ukaona stoo ndiyo inayokufaa, chukua stoo, nitazisifia bolti zako mtaa mzima. Ila usichague kitu chochote kwa ajili ya uso wangu. Leo asubuhi nimeutazama kwenye kioo, upo mahali pake.

Mama yako


12 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Nilikuwa na hasira, halafu nikawa na aibu ya kuwa na hasira, halafu barua yako ikanikuta. Nilikwenda kliniki siku ileile nikiwa nayo mfukoni, kwa kuhofia nikilala nitaghairi.

Mtaalamu ni mwanamama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea na roho ya kocha wa ngumi. Nilidhani atanifundisha kutulia. Wapi! Kazi ya kwanza aliniweka kwenye kiti cha ofisi akanizungusha hadi ukuta ukawa unakimbia. Kazi ya pili, nipumue kwa mrija wa soda huku nimebana pua. Kazi ya tatu, nikimbie ngazi za kliniki kwenda na kurudi.

"Moyo unakwenda mbio?"

"Ndiyo."

"Unakufa?"

Nikafikiri. "Bado."

"Vizuri. Tena."

Anasema mwili wangu umejifunza kuogopa dalili zake wenyewe. Moyo ukiongeza mwendo kidogo tu, kichwa kinapiga king'ora, king'ora kinaongeza mwendo wa moyo, na hivyo hivyo. Dawa ni kuzikaribisha dalili kwa makusudi, tena na tena, hadi kichwa kichoke kushtuka. Nikamwambia hilo nalijua. Kila lifti ina kishikio cha usalama, kikihisi kibanda kinakwenda kasi mno kinabana reli. Kikiwa kimetegeshwa vibaya, kinabana hata kwa mwendo wa kawaida, na abiria wanapiga kelele kwamba wanaanguka, kumbe hapo ndipo waliposhikwa kuliko watu wote wa jengo zima. Huitupi lifti kwa sababu hiyo. Unakirekebisha kishikio. Akasema mfano huo atauiba awape wagonjwa wengine. Nikamwambia asisahau kumtaja fundi.

Usidhani ilikuwa rahisi. Siku ya kwanza kurudi shimoni nilivaa kofia, nikafungua mlango, nikanusa ile hewa ya chuma, nikafunga mlango nikaenda zangu nyumbani. Nilipomweleza mtaalamu, hakunipa pole wala pongezi. Alisema, "Kesho fungua tena."

Nikafungua tena. Kimya alikuwa nami juu ya paa la kibanda. Tulipofika ghorofa ya tatu nikaisikia inakuja, kuanzia vidoleni. Nikafunga kitufe, nikasema kwa sauti, "Imekuja."

Kimya akasema, "Ikae."

Nikaiacha ikae. Mama, ilipanda kama haina kikomo. Kila kiungo changu kilisema kimbia, nami nikakaa na makalio yangu juu ya lile bati, natazama kichwa cha bolti kimoja chenye kutu. Sikuipigania. Ikafika juu kabisa. Halafu ikakosa pa kwenda. Ikaanza kushuka yenyewe, taratibu, kama yule nesi alivyoandika. Nikasimama, tukapanda hadi ya saba, na kazi ya siku ile tuliimaliza.

Kesho yake kwenye kikao cha asubuhi niliomba kusema. Nikawaambia mafundi wote: "Nina ugonjwa wa hofu ya ghafla. Natibiwa. Mkiniona nimekaa chini, msiite gari la wagonjwa na msinipepee. Nitakuwa nimefunga kila kinachotakiwa kufungwa. Subirini." Kisha fundi mmoja, yule mwenye tumbo, akasema kwa uchungu, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unapanda ngazi! Mimi nimekufuata mwezi mzima nikidhani ni mazoezi!" Walicheka hadi msimamizi akashika meza. Halafu akanitupia funguo za hospitali.

Sikuambii nimepona. Jana ilinikuta nikipiga mswaki. Nikaendelea kupiga mswaki.

Shona gauni.

Kisulisuli

Mama Pacha ukitaka kumwambia, mwambie. Nimekuruhusu.


28 Septemba

Mwanangu,

Nimefika salama, miguu imevimba, moyo umevimba zaidi.

Pale ukumbini kulikuwa na watu wengi mno, sikupata nafasi ya kukuambia nilichokiona. Hotuba sikuzisikia, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukutazama wewe. Mgeni rasmi alipokuwa kwenye karatasi yake ya pili, nikaona rangi inakutoka. Jasho likatokea juu ya mdomo. Ukawa unafungua vidole na kufunga. Nikajua imekuja, tena mbele ya wakubwa na wapiga picha.

Miguu yangu ilitaka kuja. Ilinibidi nikalie mikono yangu kama mtoto wa darasa la kwanza. Yule bwana wa kiti cha pembeni akadhani nimebanwa, akaninyooshea kidole choo kilipo. Nimezaa kwa uchungu, nimezika mume, lakini kukaa pale bila kukushika ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Hukutoka. Hukushika ukuta wala hukutazama mlango. Mabega ukayashusha. Kimya alikuwa pembeni yako anatazama dari kama mtu anayengoja mvua. Nikaona kifua chako kinapanda, kinashuka, na rangi inarudi kidogo kidogo kuanzia masikioni. Walipokuita ukasogea mbele, ukatia ufunguo. Mkono wako ulikuwa unatetemeka, kila mtu aliuona. Ulitetemeka hivyohivyo na ukaugeuza ufunguo.

Wote pale walipigia makofi lifti. Mimi nilipigia ule mkono.

Na yule mzee aliyevunjika nyonga, mgonjwa wa kwanza kupandishwa na kitanda chake! Alivyotupungia mkono milango ikijifunga, ungesema anakwenda kutawazwa.

Mama Pacha nilimwambia yote juzi, kwa fahari, kama nilivyosimulia leseni. Nikangoja aseme neno nimjibu. Akakaa, akazungusha kikombe, kisha akaniomba karatasi ili aandike, asije akasikiwa na nyumba ya tatu. Akaandika kwamba mmoja wa wale pacha hulala mchana kwa kuwa usiku anakaa kitandani akishika kifua, akingoja kufa, na nyumbani wote wamekuwa wakimwita mvivu. Nilikumbuka nami nilivyomwita. Kesho yake tulikwenda wote watatu kwa yule nesi. Kijana alitembea katikati yetu. Nimemwambia ninaye fundi mmoja ambaye atamwandikia. Usiniangushe.

Mama yako


16 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Kijana nimemwandikia, kurasa nne. Amejibu nusu ukurasa, lakini amejibu.

Nakuandikia haraka, kwa sababu jambo lenyewe ni la leo na bado lina joto.

Mchana tuliitwa kwenye jengo moja la ofisi. Umeme ulikuwa umeruka, lifti imekwama kidogo tu juu ya ghorofa ya nne, ndani kuna mtu mmoja. Tukafika. Watu wamejaa kwenye korido, na ndani ya lifti mtu anapiga mlango kwa ngumi na kupiga kelele kwamba hewa imekwisha. Hewa haiishi mle, matundu yapo. Lakini niliijua ile sauti. Kimya naye aliijua, akanitazama mara moja tu, akaenda zake chumba cha mashine.

Nikawaondoa watu wote. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango.

"Kaka," nikasema, "mimi ni fundi lifti. Lifti imeshikwa, haiwezi kuanguka. Mwenzangu ataishusha kwa mkono. Mimi sitoki hapa."

"Nakufa!"

"Vidole vina ganzi?"

Ngumi zikasimama. "...Ndiyo."

"Moyo unataka kutoka. Kifua kimebana. Unaona vitu kama viko mbali."

"Ndiyo! Umejuaje?"

"Najua. Hufi. Hii inapanda, inafika juu, inashuka. Usiipiganie. Kaa chini ulipo, uweke mgongo mlangoni, mimi nipo upande wa pili. Pumua taratibu, toa pumzi ndefu kuliko unavyoingiza. Tuisubiri wote."

Nikasikia anakaa, bati likalia nyuma ya mgongo wangu. Tukaisubiri. Alisema inazidi, nikamwambia sawa, iache izidi. Baadaye akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Inashuka." Wakati huo Kimya naye alikuwa ameanza kuishusha lifti yenyewe, kidogo kidogo.

Nilipofungua mlango alitoka bwana mkubwa wa suti, shati limeloa, tai ameishika mkononi. Nadhani ndiye bosi wa ofisi zile, maana wote walioko mwisho wa korido walijifanya wanasoma ukuta. Akanisogelea karibu, akaniambia kwa kunong'ona, "Dada, nakuomba, hili usimwambie mtu."

Nikamwambia, "La kwako sitalisema kwa mtu. La kwangu nimeshawaambia wote, na natibiwa kliniki."

Akafunga tai yake upya. Kisha akaniuliza kliniki iko wapi.

Mwanao,
Fundi